Mbwa uliyemwokota anapagawa akiona bodaboda au mbwa mwenzake: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Watu wanaoniuliza kuhusu mbwa wa aina hii karibu wote wamekwama mahali pamoja. Wamenunua kamba, wamechemsha maini, wamemtoa mbwa hadi barabarani. Bodaboda ikapita, mbwa akaruka akibweka, wakamsogezea kipande cha ini puani, hata hakukitazama. Kesho yake hivyo hivyo. Baada ya wiki mbili wanasema huyu hafundishiki, na mbwa anarudi kwenye mnyororo nyuma ya nyumba.

Anafundishika. Tatizo ni kwamba walianzia karibu mno, na chakula kilifika wakati kichwa cha mbwa kimeshafunga. Ukishika hayo mawili, umbali na mpangilio, mengine yote ni subira ya kila siku.

Nayasema haya kwa sababu ya Kashata, jike wa kahawia niliyemchukua pembezoni mwa soko huku Goba, Dar es Salaam, akiwa na kama miaka miwili na sikio moja limechanika. Alikuwa anapagawa kwa pikipiki, kwa mbwa yeyote, na kwa mtu yeyote aliyeshika fimbo au fagio.

Ninaposema kupagawa nina maana ya mbwa anayebweka, kuruka na kuvuta kamba kupita kiasi anapoona kitu fulani, ilhali nyumbani ni mpole kabisa. Mara nyingi chanzo ni hofu. Mtazame kwa macho yake: bodaboda inakuja, anabweka, bodaboda inaondoka. Yeye hajui kwamba dereva alikuwa na safari zake. Anajua kwamba alibweka na kile kitu kikakimbia, kwa hiyo kesho atabweka zaidi.

## Vitu vya kuandaa

- Mkanda wa kifuani wenye pete mbele ya kifua. Akivuta, mwili wake unageukia kwako, na shingo haikabwi. Kukabwa shingo kila anapoona bodaboda kunamfundisha kwamba bodaboda inaumiza.
- Kamba imara ya mita 2 hadi 3 kwa njiani, na nyingine ya mita 10 kwa uwanjani. Ya nailoni kutoka duka la vifaa vya ujenzi inatosha. Usiizungushe mkononi, inaweza kuvunja vidole.
- Kikapu cha mdomo chenye matundu, kinachomruhusu kupanua mdomo, kuhema na kunywa maji. Kile cha kitambaa kinachofunga mdomo kabisa usikitumie matembezini. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na kwa joto la pwani anaweza kuzidiwa.
- Chakula kitamu kisichotolewa wakati mwingine wowote: firigisi, maini, nyama ya kuku, au dagaa wakubwa. Chemsha bila chumvi na bila kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa). Katakata vipande vya ukubwa wa punje ya harage. Maini yasizidi, yatamharisha.
- Kimfuko cha kiunoni, ili mkono ufikie chakula mara moja.
- Daftari na kalamu. Wengi huruka hiki, na ndio hao hao wanaosema hawaoni mabadiliko.

Minyororo yenye meno, mikanda ya umeme na fimbo haimo kwenye orodha, na sikuisahau. Ukimpiga anapobweka, unaweza kupata kimya, lakini hofu inabaki na sasa ina sababu mpya. Mbaya zaidi, unaweza kumfundisha asingurume. Mbwa asiyenguruma ni yule anayeng'ata bila kukupa onyo. Mwaka 2021, chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa msimamo kwamba mbwa wote wafundishwe kwa zawadi, hata wenye matatizo makubwa ya tabia.

## Tahadhari moja kabla ya yote

Mbwa wa kuokota achanjwe kichaa cha mbwa kabla hujaanza somo lolote, na arudiwe kila mwaka au kama daktari atakavyopanga. Ugonjwa huu dalili zikishaonekana kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

Mtu aking'atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Msipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya mswaki. Mbwa afungiwe na kuangaliwa siku 10, lakini aliyeng'atwa asisubiri siku hizo ziishe ndipo aende.

## Hatua ya 1: Mpeleke kwa daktari wa mifugo

Maumivu humfanya mbwa akose uvumilivu kama yanavyotufanya sisi. Mwambie daktari aangalie masikio, meno, nyonga, ngozi na damu. Huku kwetu homa za kupe ni kitu cha kawaida mno: mbwa ananyong'onyea, ufizi unapauka, chakula hakili vizuri. Wengine hawalali chini, wanakuwa tu na hasira. Kashata alikuwa na uvimbe wa ndani ya sikio, na kwa wiki tatu nzima nilidhani anachukia kuguswa kichwa.

Usimpe diklofenaki wala aibuprofeni za binadamu, zinaharibu tumbo na figo zake. Na usimwogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe kwa kukisia kipimo.

Utajua hatua imekamilika pale daktari anaposema haumwi, au maumivu yake yameanza kutibiwa.

## Hatua ya 2: Mpe wiki mbili za utulivu

Hapa watu hukosa subira. Mbwa ametoka mtaani jana, leo anatembezwa sokoni ili azoee. Hazoei. Mwili wenye hofu unahitaji muda kushuka, na vitisho hurundikana: asubuhi mbwa wa jirani, mchana fataki, jioni bodaboda. Ile bodaboda inayomlipua ni ya mwisho tu kwenye rundo.

Kwa wiki mbili asitoke nje ya geti kama una uwanja. Kama huna, mtoe saa 11 alfajiri na usiku, njia tupu, kwa haja tu. Mpe kona yake: gunia au mkeka mahali pasipopitwa na watu. Chakula saa zile zile. Tawanya sehemu ya chakula kwenye nyasi akitafute kwa pua, maana kunusa humtuliza mbwa.

Ratiba hii si sheria ya serikali. Kuna mbwa wa siku kumi na kuna wa miezi miwili.

Utaona mafanikio akianza kulala chali au ubavu, akila akiwa na wewe karibu, na akikufuata bila kuitwa.

## Hatua ya 3: Zima mazoezi ya kubweka nyumbani

Mbwa anayekaa getini akibwekea kila mpita njia mara arobaini kwa siku anajifunza mara arobaini. Dakika zako kumi za somo haziwezi kushindana na hapo.

Ziba sehemu ya chini ya geti la nondo kwa bati, turubai au makuti. Mhamishe upande wa nyuma saa za wanafunzi kutoka shule. Kama analala ndani, funga pazia la dirisha la barabarani.

Kisha mnyororo. Najua wengi tumekua tukiona mbwa kafungwa mchana na kufunguliwa usiku. Lakini mbwa mwenye hofu aliyefungwa hana pa kukimbilia, kwa hiyo anachobaki nacho ni meno. Banda lenye kivuli na nafasi ya kuzunguka ni bora mara mia. Kama leo huna uwezo wa banda, anza na chumba kimoja au kibaraza chenye kizuizi.

## Hatua ya 4: Mfundishe maneno mawili ndani ya nyumba

Neno la kwanza ni "Safi!" Maana yake kwake: ulichofanya sasa hivi kimekupatia chakula. Sema "Safi!", mpe kipande. Rudia mara 15, asubuhi na jioni, siku tatu. Siku ya nne lisemwe akiwa anaangalia kwingine. Akigeuza shingo haraka kukutazama, ameelewa.

Neno la pili ni "Twende!" Unalisema kwa sauti ya furaha, unageuka nyuma, unatembea haraka, unampa kipande akikufikia. Fanyeni sebuleni, uani, koridoni, mpaka ageuke kabla hujamaliza neno. Hii ndiyo breki yako ya dharura. Kama breki haikujaribiwa kwenye tambarare, usitegemee itashika mlimani.

## Hatua ya 5: Pima umbali wake

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii na inayofuata.

Kila mbwa ana umbali ambao anaweza kuona kitu anachokiogopa na bado akafikiri. Akivuka mpaka huo kuja karibu, masikio yanaziba, pua inaziba, hata nyama haina harufu. Somo lote lazima lifanyike nje ya mpaka huo. Ukiwa ndani ya mpaka, humfundishi kitu, unamvumilia tu.

Tafuta sehemu ya wazi: uwanja wa shule siku ya mapumziko, kiwanja cha mpira, ufuko mtulivu asubuhi. Huko unaweza kurudi nyuma kadiri unavyotaka. Kichochoro cha mtaani hakifai, hakina pa kurudi. Nenda saa 12 asubuhi au jioni jua likishazama, kwa sababu lami ya saa saba mchana inaunguza nyayo.

Simama mbali mno na barabara, mbali kuliko unavyodhani inahitajika. Mpe kipande cha firigisi kabla ya chochote kutokea. Akikipokea kwa midomo laini, sawa. Subiri bodaboda ipite na umtazame yeye, usiitazame bodaboda:

- Ameiona, masikio yamesimama kidogo, kisha ameweza kunusa chini au kukugeukia: mko nje ya mpaka.
- Amefunga mdomo ghafla, amekakamaa, analamba pua, anapiga miayo bila usingizi, mkia umebana, weupe wa jicho unaonekana: mko juu ya mpaka wenyewe. Rudi nyuma.
- Anakwapua chakula mpaka anakung'ata vidole, au hakitaki kabisa: mmeshauvuka.
- Anabweka na kuruka: mmeuvuka kitambo, ishara zote za juu zilishapita hukuziona.

Pima kwa miguu na uandike. Mimi nilitumia nguzo za umeme. Kashata aliweza kufikiri bodaboda ikiwa mbali nguzo mbili, kama hatua zangu 90. Nilipokuwa naanza, nilimsimamisha hatua 15 kutoka barabarani na kumlaumu kwa ukaidi. Kumbuka pia kwamba kila kitu kina umbali wake. Kwa mbwa aliyefungwa kamba alihitaji hatua 50, kwa mbwa anayezurura 120, kwa mtu mwenye fagio 20 tu. Andika kila kimoja.

Utaona mafanikio ukiwa na namba tatu au nne kwenye daftari, na mbwa ambaye hajabweka hata mara moja ukizitafuta.

## Hatua ya 6: Bodaboda kwanza, chakula baadaye

Huu ndio moyo wa kazi. Tunataka mwili wa mbwa ujifunze kwamba bodaboda ni habari ya firigisi. Kwa hiyo bodaboda itangulie, firigisi ifuate. Ukigeuza mpangilio, ukatoa chakula ili kumvuruga asione, ama hajifunzi kitu, ama anajifunza kwamba ukitoa chakula kuna balaa linakuja. Nimeona mbwa waliokuwa wakianza kutetemeka wakisikia mlio wa mfuko wa nailoni.

Fanya hivi, ukiwa hatua 10 nyuma zaidi ya namba uliyoandika:

1. Simama, kamba ikiwa imelegea. Kamba iliyokazwa humwambia mbwa kuna hatari. Usimwambie chochote.
2. Bodaboda inatokea. Subiri aione mwenyewe.
3. Sekunde ile ile aliyoiona, sema "Safi!" na umpe kipande. Kisha kingine, na kingine, mfululizo, kwa muda wote bodaboda inapoonekana.
4. Bodaboda ikipotea, chakula kinakoma. Mikono chini, kimya. Kukoma huku ni nusu ya somo. Kama chakula kinaendelea muda wote, hawezi kujua kilichokileta.
5. Subirini nyingine. Bodaboda sita hadi nane zinatosha. Dakika 10, kisha nyumbani, hata kama anafanya vizuri. Hasa kama anafanya vizuri.

Mara tatu hadi nne kwa wiki, siku moja ya kupumzika katikati. Usimlishe akashiba kabla ya somo.

Kwa Kashata, siku ya tano ya somo ilitokea pikipiki, akaiona, kisha kabla sijasema neno akanigeuzia uso, macho yamefunguka, kama anayeuliza: "Iko wapi firigisi?" Nililia pale uwanjani. Ukiiona shingo hiyo ikigeuka, hatua ya sita imefanikiwa. Kuanzia hapo badilisha kidogo: usiseme "Safi!" akiiona, subiri akigeuka kukutazama ndipo useme. Asipogeuka ndani ya sekunde 3, mko karibu mno, "Twende!", rudini nyuma.

## Hatua ya 7: Sogea, lakini kwa hesabu

Akigeuka mwenyewe mara 8 kati ya 10 katika masomo mawili mfululizo, sogea hatua 5. Akishuka chini ya mara 5 kati ya 10, rudi hatua 10. Ndiyo kazi ya daftari.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukipunguza umbali, usibadilishe uwanja. Ukienda mahali papya, anza tena mbali, kwani kwa mbwa bodaboda ya Goba na ya Mbezi si kitu kimoja.

Utafika mahali unahitaji bodaboda ya kupanga. Nenda kijiweni ongea kwa adabu. Mimi nilimwambia mmoja, "Kaka, naomba uniuzie dakika kumi. Utapita polepole pale ng'ambo, urudi, mara sita, bila honi." Akanijibu, "Poa dada, ila huyo asije akaning'ata." Nilimlipa kama safari ya kawaida. Ni pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote.

Kwa mbwa wenzake, tumia mbwa mtulivu wa rafiki, aliyefungwa kamba. Mtembee sambamba mkielekea upande mmoja, umbali mkubwa katikati. Msiwakutanishe uso kwa uso. Kwa mbwa, kuendewa mbele kwa mbele ni ukorofi.

## Hatua ya 8: Kikapu cha mdomo

Fanyia kazi hiki wakati hatua nyingine zinaendelea. Weka firigisi ndani ya kikapu, aingize pua mwenyewe na kuitoa. Siku tatu hivyo. Kisha pua ikae sekunde 5, kisha 20, ukimlisha kupitia matundu. Kamba ya kisogoni ifungwe mwisho kabisa. Ukimvalisha kwa nguvu siku ya kwanza, utapigana naye kila siku.

Kama amewahi kung'ata, hakuna kutoka nje ya geti bila kikapu. Usione haya kwa macho ya watu.

## Siku atakayopagawa

Itatokea. Kona ya ghafla, mbwa wa mtu katoka getini. Usipige kelele, kwake utasikika kama unabweka naye. Sema "Twende!" mara moja, geuka, ondoka. Asipogeuka, shika kamba kwa mikono miwili na urudi nyuma kwa mwendo wa kawaida. Gari lililoegeshwa au ukuta ni rafiki yako, simameni nyuma yake asione.

Mbwa anayezurura akiwafuata, rusha konzi ya chakula usoni pake, atainama kuokota na mtapata nafasi. Ukikwama, usitie mkono katikati ya mbwa wanaogombana.

Baada ya hapo nyumbani, siku mbili hadi tatu bila somo. Rundo lishuke.

## Majirani na watoto

Mwambie kila jirani kwa mdomo wako mwenyewe, kabla hajaja kukulalamikia. Majirani wengi wa pwani wanafuata madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa kwao ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Anayekwenda msikitini alfajiri akiguswa na pua ya mbwa wako, umemharibia ibada. Jua saa za swala, na pisha njia upande wa mbali. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alikuwa akivuka barabara akituona. Alipoona miezi inapita nami ndiye ninayevuka, akaanza kunisalimia.

Watoto wafundishwe mambo matatu tu: asikimbie mbele yake, asimguse akila au akilala, asirushe jiwe. Na wasiachwe naye peke yao, hata dakika moja, hata kama anawapenda.

Mgeni akija, mbwa awe chumbani na mfupa mbichi au chakula cha kutafuta kabla mlango haujafunguliwa. Mifupa iliyopikwa usimpe, hupasuka na kutoboa utumbo.

## Ukikwama

Kama miezi mitatu ya daftari haionyeshi hata hatua tano za nafuu, rudi kwa daktari. Zipo dawa za kupunguza hofu. Fluoksetini ni mojawapo, na huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi yake. Hutolewa kwa kipimo cha daktari, sambamba na mafunzo, na haikatishwi ghafla.

Kashata sasa ana mwezi wa kumi na moja nami. Bodaboda zinapita hatua 4 kutoka tulipo, ananitazama, tunaendelea. Kwa mbwa anayezurura bado tunahitaji hatua 25, na kwenye daftari namba hiyo haijasogea tangu Machi. Tunavuka barabara.